Tupeane uzoefu: maziwa ya kopo yalipomkataa mtoto, nyie mliishia na lipi?

MamaNasra, Ngamiani
Habari zenu wazazi wenzangu. Naanza na yangu.

Binti yangu alipofika miezi miwili na nusu nilirudi dukani, nauza vitenge barabara ya 12. Mchana anapewa maziwa ya kopo, usiku ananyonya. Hazikupita siku tano. Kila akimaliza chupa anacheua mpaka shingo inalowa, mashavu yametoka ukurutu, analia kakunja miguu tumboni. Mama mkwe akasema ni mchango, akaja na mizizi ya kuchemsha. Jirani mmoja akanong'ona kuwa mtoto kabemendwa. Huyo nilimwitikia "ehee" nikaendelea na kufua.

Nikabadilisha kopo. Yaleyale. Nikanunua la tatu, la bei zaidi, nikijua ghali ndiyo dawa. Asubuhi moja nikaona nyuzi za damu kwenye nepi, nikafunga duka.

Daktari aliniambia nilete makopo yote. Akayageuza nyuma, kwenye maandishi madogo, akaniuliza, "Mama, haya yanatofautiana nini?" Nikasoma. Yote matatu yametengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe! Huku kachorwa dubu, kule ndege na kiota, lakini ng'ombe ni yuleyule. Alishuku mzio, yaani aleji, wa protini ya maziwa ya ng'ombe.

Sasa semeni nanyi. Mlijuaje, na mlichagua lipi?

BabaPacha
Mimi niliponzwa na neno moja. Muuza duka la dawa alisema mwanao ana shida ya laktosi, chukua hili lisilo na laktosi. Nikalipa. Wiki tatu mtoto anaharisha kamasi vilevile.

Nilikuja kueleweshwa baadaye kwamba laktosi ni sukari ya maziwa, na mzio unatokana na protini. Kopo lile limetolewa sukari tu, protini ya ng'ombe imo yote. Na mtoto kuzaliwa hawezi laktosi ni jambo la nadra sana. Linalotokea zaidi ni mtoto aliyeharisha sana, utumbo ukachubuka, akashindwa laktosi kwa muda, kisha akapona.

Jingine: pacha wake alikunywa kopo lilelile, maji yaleyale, chupa zimechemshwa sufuria moja, na akanenepa. Ndipo nilipoacha kugombana na mama yao kuhusu usafi.

Bint_Pangani
Bibi yangu anafuga mbuzi, kwa hiyo mnajua jibu lilikuwa nini. Vijiko vinne tu, mtoto akavimba midomo. Kumbe protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, anayekataliwa na haya mara nyingi hukataliwa na yale. Na hata asiye na mzio, maziwa ya mbuzi ya kukamua hayamfai mtoto chini ya mwaka, hayana foleti ya kutosha, ile vitamini ya kutengeneza damu. Bibi mpaka leo hajakubali. Anasema baba yetu alikulia hayo.

MamaAyman, Mikanjuni
Yangu ndefu, mnivumilie.

Sisi tuliandikiwa kopo maalumu, lile ambalo protini ya ng'ombe imekatwakatwa vipande vidogo sana mwili usiitambue. Tanga nililizungukia maduka ya dawa mchana kutwa sikulipata. Wifi yangu akalinunua Dar, akalikabidhi kwa kondakta, nikaenda kulipokea stendi ya Kange. Bei ya kopo moja la gramu 400 ilizidi kodi ya chumba changu. Na halifiki wiki.

Nilipolifungua, harufu kama viazi vilivyochacha. Nikaonja: chungu! Ayman alitema siku mbili nzima. Choo kikawa cha kijani, nikapiga simu kwa daktari nalia, akacheka kidogo, akasema hayo maziwa ndivyo yalivyo. Siku ya nne alikunywa chupa nzima. Wiki ya pili ukurutu ukaanza kukauka.

Sasa ninalotaka kusema, na sijawahi kumwambia mtu. Pesa zilipokata nikawa nazidisha maji. Kopo linasema vijiko vinne, naweka vitatu. Mtoto hakulia, alikuwa mpole tu, nikajua nimefaulu. Kwenye kliniki ya mama na mtoto nesi akachora nukta kwenye kadi, mstari ukashuka. Akaniuliza, "Unachanganyaje?" Nilidanganya. Aliuliza mara ya pili kwa sauti ya chini, nikasema kweli. Hakunigombeza. Aliita daktari wakapanga upya: niongeze kunyonyesha, maana maziwa yangu hayakuwa yamekauka, kopo libaki la mchana tu.

NesiMstaafu, Chumbageni
MamaAyman mwanangu, umefanya vyema kulisema. Nimeyaona hayo miaka yangu yote ya kazi.

Mtoto anayenyonya na akashukiwa mzio haachishwi ziwa. Anayeacha maziwa ni mama: chai ya maziwa, mtindi, samli, aiskrimu, na biskuti usome pakiti. Hapa Tanga najua ni adhabu, mji wenyewe wa maziwa. Dagaa wale na mifupa yao wakupe kalsiamu. Mnajaribu wiki mbili mpaka nne, kisha kwa uangalizi wa daktari maziwa yanarudishwa uone kama dalili zinarudi. Wengi wanaruka hatua hii ya kurudisha, matokeo yake mtoto ananyimwa maziwa mwaka mzima kwa kosa ambalo si la maziwa.

Kopo la soya wasipewe walio chini ya miezi sita bila daktari kusema, na wapo wanaokataliwa nalo pia. Wachache ambao hata lile la protini iliyokatwa linawashinda, wana lao la amino asidi, yaani vile vipande vidogo kabisa vinavyojenga protini. Tui la nazi na uji wa mchele si maziwa ya mtoto mchanga, jamani.

Maji yachemke, yasipoe zaidi ya nusu saa kabla ya kuchanganya, yawe bado moto wa nyuzi 70 hivi. Ndipo uipoze chupa kwenye maji baridi, udondoshee mkononi kabla ya kumpa. Na mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, kama yule wa Pangani na midomo yake, usiandike humu kuuliza. Hospitali.

BabaPacha
Shikamoo mama. Hilo la kurudisha hatukuambiwa. Jumatatu naenda kuuliza.

MamaNasra, Ngamiani
Asanteni. Mimi nimeacha maziwa siku ya kumi na moja leo, chai ya rangi na tangawizi, na duka nalifungua saa nne ili anyonye kwanza. Damu haijaonekana tangu Ijumaa. Mashavu bado.

Kopo moja kati ya yale matatu halijafunguliwa, tarehe yake bado mbali. Nilitaka kumpa mtu, lakini nimpe nani bila kumtia kwenye safari hii? MamaAyman, wifi yako akituma tena mzigo niambie mapema. Daktari akiniandikia lile lenye harufu ya viazi, tuchangie nauli ya kondakta.