Kukagua dawa wawili wawili usiku tukiwa wachache: tuanzie dawa zipi?

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, habari za kazi. Niko wodi ya uangalizi wa karibu kwenye hospitali moja hapa Dar. Tunaandaa mwongozo wa ukurasa mmoja wa kubandika chumba cha dawa, kuhusu dawa ambazo lazima wauguzi wawili wazikague kabla hazijamwingia mgonjwa. Mchana hakuna shida. Usiku tunabaki wawili kwa wodi nzima, na mara nyingi mwenzako mikono yake iko kwa mgonjwa mwingine. Tukiandika kila dawa ikaguliwe na wawili, haitatekelezeka. Tukiacha kila mtu afanye peke yake, ni hatari.

Naomba msaada kwenye haya: dawa zipi hazina mjadala kabisa? Potasiamu tuiendesheje salama pale pampu zinapokuwa hazitoshi? Na maagizo ya daktari kwa simu usiku wa manane tuyapokeeje? Kama kuna uchanganyaji unaojulikana kuwa unakosewa mara kwa mara, leteni na hesabu zake, nizibandike kama zilivyo.

Mama_Wodi

Mwanangu, kabla ya orodha kubalianeni kwanza ukaguzi wa wawili ni nini, maana kwingine umebaki kuwa saini mbili tu. Ukimwita mwenzako ukamwambia "nimevuta mililita nane, hebu angalia", umeshampa jibu, na macho yake yataona nane. Anayekagua apewe chati na ampuli, apige hesabu yake pembeni, ataje jibu lake, ndipo umwonyeshe bomba la sindano. Majibu yakitofautiana, cheo hakiamui. Mnarudi kwenye chati wote wawili.

Orodha yangu ni fupi kwa makusudi: potasiamu, insulini, heparini, magnesiamu salfeti, mofini na pethidini, ketamini, dripu za adrenalini na noradrenalini, na dozi yoyote ya mtoto inayopigwa kwa kilo. Seftriaksoni, parasetamo na omeprazo mwachieni mtu mmoja anayesoma lebo mara tatu: akiitoa kabatini, akiivuta, na kabla ya kutupa kichupa. Orodha ikirefuka, saa tisa usiku watu watasaini bila kuangalia, na hapo hata potasiamu itapita.

Heparini iwekeni alama ya pekee. Kichupa cha ml 5 kimeandikwa yuniti 5,000 kwa ml, yaani kichupa kizima kina yuniti 25,000. Mtu anaona 5,000 kwenye lebo, anadhani ndiyo jumla, anavuta yote.

Kuhusu kumtambua mgonjwa: usimuulize "wewe ni Mwajuma?" Mgonjwa mwenye homa kali au aliyechoka ataitikia tu. Muulize "unaitwa nani, majina yako matatu?" kisha linganisha na namba ya faili. Namba ya kitanda isitumike kamwe, kwa sababu wagonjwa wanahamishwa vitanda hata mara mbili kwa usiku mmoja, na chati inachelewa kuwafuata.

Kaka_Mbagala

Nichukue potasiamu. Kwanza, agizo la "KCl ampuli 2" (KCl ni potasiamu kloridi) lisipokelewe. Ampuli ya ml 10 ya 15% ina milimoli 20, lakini ya 10% ina takriban milimoli 13.4. Agizo liwe na milimoli, ujazo wa dripu na muda. Kikikosekana kimojawapo, mpigie aliyeandika.

Kabla ya kutundika, angalia mkojo. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau ml 30 kwa saa. Figo zisipotoa mkojo, potasiamu unayoiingiza haina pa kutokea. Angalia pia majibu ya maabara ni ya lini. Potasiamu ya jana asubuhi si ya kuanzishia dripu leo usiku.

Sasa kuchanganya. Watu hudunga ampuli kwenye mfuko ukiwa tayari umetundikwa na unatiririka. Maji ya potasiamu ni mazito, yanashuka chini kwenye mlango wa mrija, na mgonjwa anapokea dawa kali kwanza, halafu maji matupu. Ushushe mfuko, funga mrija, dunga, geuza juu chini angalau mara 10, bandika lebo yenye milimoli, jina, saa na saini, ndipo uutundike. Tumia maji ya chumvi 0.9%. Dekstrosi huchochea insulini ya mwili, nayo huisukuma potasiamu ndani ya seli, kwa hiyo kipimo kinaweza kushuka zaidi badala ya kupanda.

Kiwango cha kawaida kwa mshipa wa mkononi hakizidi milimoli 40 kwa lita wala milimoli 10 kwa saa. Kupita hapo, hadi 20 kwa saa, ni kwa agizo la daktari bingwa na mgonjwa akiwa kwenye monita ya moyo. Bila pampu, msitundike lita yenye milimoli 40. Wekeni milimoli 20 kwenye ml 500. Ukali ni uleule, ila kigurudumu cha kubana mrija kikilegea, kinachoweza kumwagika ni nusu. Kwa saa 4, seti ya matone 20 kwa ml: 500 × 20 ÷ 240 = matone 42 kwa dakika, sawa na milimoli 5 kwa saa. Hesabu kwa dakika nzima yenye saa mkononi, kisha rudi baada ya dakika 15. Mgonjwa akikunja mkono au akigeuka, matone yanabadilika.

Mkiwa na bureti (kichupa chenye vipimo kinachokaa kati ya mfuko na mrija) ni bora zaidi. Jaza ml 125 za saa moja tu na ufunge juu. Hata kibana kikifunguka chote, ndani mna milimoli 5 pekee.

Halafu jambo la Dar: umeme ukikatika, pampu inaingia kwenye betri, na betri nyingi zimechoka. Jenereta ikishika, pita pampu moja baada ya nyingine uone kama imeendelea na kwa kasi ileile. Nyingine huzima kimya.

Mkunga_Tabata

Kwa magnesiamu nina la kuongeza, maana inaingia hata wodi zisizo za wazazi. Ampuli za 50% zinakuja kwa ujazo tofauti: gramu 1 kwenye ml 2, gramu 2.5 kwenye ml 5, na gramu 5 kwenye ml 10. Kwa mama mwenye kifafa cha mimba, dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa ikiwa 20%: vuta ml 8 za 50%, ongeza ml 12 za maji ya sindano, jumla ml 20. Ipite polepole, isipungue dakika 5. Ukiisukuma haraka, mama anapata joto kali mwilini, anatapika, na presha inaanguka. Baada yake gramu 5 kila tako, yaani ml 10 kila upande, pamoja na ml 1 ya lignokaini 2% (dawa ya ganzi) ndani ya bomba hilohilo.

Dozi zinazofuata, gramu 5 kila saa 4 kwa kupokezana matako, haziendi kwa saa peke yake. Kabla ya kila moja: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mguu urushe ukigonga chini ya kifuniko cha goti, na mkojo usipungue ml 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti 10% ml 10 ikae kando ya kitanda pamoja na bomba lake. Mama akiacha kupumua, msaidieni pumzi kwa ambu (mfuko wa kupulizia hewa) mara moja huku mwingine akiingiza kalsiamu hiyo taratibu kwa dakika 3. Kuitafuta famasi wakati huo ni kuchelewa.

Zamu_ya_Usiku

Ahsanteni sana, Mama, Kaka na Dada. Nimeshanakili. Swali la simu bado. Na insulini: mara nyingine mabomba ya insulini yanaisha, watu wanatumia la ml 2. Je, inaruhusiwa?

Mama_Wodi

La ml 2 hapana kabisa. Insulini ina yuniti 100 kwa ml, kwa hiyo yuniti 6 ni ml 0.06, na mistari ya bomba la ml 2 haiwezi kukuonyesha hapo. Likikosekana la insulini, tumieni la ml 1 lenye mistari ya mia moja: ml 0.1 ni yuniti 10. Hesabu ikaguliwe na wawili. Insulini ya mshipani kwa mwenye sukari kali na asidi kwenye damu ni yuniti 0.1 kwa kilo kwa saa, kwa pampu tu: yuniti 50 kwenye ml 50, ili ml 1 iwe yuniti 1. Bila pampu, mwombeni daktari aandike dozi za kila saa za msulini. Dripu ya insulini kwa kuhesabu matone msiikubali. Tena potasiamu ijulikane kwanza. Ikiwa chini ya milimoli 3.5 kwa lita, insulini inasubiri hadi irekebishwe, kwa sababu itaishusha zaidi na moyo unaweza kusimama.

Simu: chukua chati na kalamu kabla hujapokea agizo. Andika huku ukisikia, kisha msomee tena yote: jina la mgonjwa, dawa kwa herufi kama inafanana na nyingine, dozi kwa tarakimu moja moja ("moja, tano", usiishie kusema "kumi na tano"), njia na muda. Mwenzako naye asikilize ikiwezekana. Andika saa na jina la aliyeagiza, naye asaini akifika wodini. Potasiamu, heparini na dawa za DDA (zile za kulevya zinazofungiwa, kama mofini na pethidini) msizikubali kwa simu. Daktari aje. Kwenye kufufua mgonjwa ni tofauti, pale agizo la mdomo halikwepeki. Rudia kwa sauti kabla ya kudunga, "adrenalini miligramu 1 mshipani, naingiza", na ampuli tupu zote ziwekwe kwenye trei moja ili kumbukumbu iandikwe kwa kuzihesabu.

Kwenye maandishi, kataeni "U" badala ya neno yuniti, maana 4U imeshasomwa 40 sehemu nyingi duniani. Kataeni 1.0 mg na .5 mg; iwe 1 mg na 0.5 mg. Nukta hupotea kwenye karatasi ya nakala. Na ndiyo, muuguzi anaweza kusita. Aliyedunga anawajibika kwa leseni yake mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, hata kama agizo si lake. Muulize aliyeandika. Usiporidhika, panda kwa bingwa na msimamizi wa zamu, na uandike kwenye faili saa na jibu ulilopewa.

Mfamasia_Sinza

Nawaunga mkono, ila nusu ya tatizo iko kabatini. Ampuli nyingi za plastiki za potasiamu zinafanana na za maji ya sindano: ml 10, angavu, zinavunjwa kwa vidole. Zikikaa droo moja, siku moja mtu atasafishia kanula au atayeyushia seftriaksoni kwa potasiamu. Ziondoeni wodini zirudi famasi. Kama usiku famasi inafungwa, zikae kwenye kisanduku chekundu ndani ya kabati la DDA, zihesabiwe kila mnapokabidhiana zamu. Wala msitambue dawa kwa rangi. Mtengenezaji akibadilika kwenye mzigo mpya, kifuniko kilichokuwa bluu kinakuwa kijani. Dawa ambayo ndugu wa mgonjwa ameinunua duka la nje isomwe upya kabisa, maana nguvu yake mara nyingi si ile mliyoizoea.

Artesuneti, ya malaria kali: kichupa cha mg 60 kinayeyushwa kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho, kisha ml 5 za maji ya chumvi au dekstrosi 5%, inakuwa mg 10 kwa ml kwa mshipa. Kwa msuli ni ml 2 badala ya 5, inakuwa mg 20 kwa ml. Kosa la kawaida ni kutumia maji ya sindano, ambayo hayafai hapa. Mtoto chini ya kilo 20 anapata mg 3 kwa kilo, si 2.4 kama wa kilo 20 na zaidi. Wa kilo 12 ni mg 36: ml 3.6 mshipani au ml 1.8 msulini. Itumike ndani ya saa moja.

Fenitoini, ya degedege, iende na maji ya chumvi tu. Kwenye dekstrosi inaganda chembechembe, na kasi isizidi mg 50 kwa dakika. Seftriaksoni isikutane na Ringa (dripu yenye kalsiamu) kwenye mrija. Kwa mtoto mchanga anayepewa dripu yenye kalsiamu, seftriaksoni haitumiki kabisa.

Friji iwe nyuzi 2 hadi 8, isomwe asubuhi na jioni: insulini, oksitosini, suksamethoniamu. Umeme ukikatika, msiifungue. Kichupa cha insulini kilichofunguliwa kiandikwe tarehe. Kinadumu siku 28 kikiwa chini ya nyuzi 30, na wodi zetu za Januari na Februari zinapita hapo, kwa hiyo kirudi frijini.

Zamu_ya_Usiku

Mfamasia, na ikitokea potasiamu imeingia kimakosa, muuguzi afanye nini dakika za kwanza?

Mfamasia_Sinza

Funga dripu, lakini kanula usiitoe, utaihitaji. Mwingine apige simu kwa daktari na asukume kigari cha dharura. Weka monita au ECG (kipimo cha umeme wa moyo), tafuta mawimbi ya T marefu yaliyochongoka, mapigo kwenda polepole, au mchoro kutanuka. Andaa kalsiamu glukoneti 10% ml 10, ampuli kadhaa na si moja, kwa sababu daktari anaweza kuirudia. Oshea mrija kwanza kwa maji ya chumvi kama una baikaboneti ndani, zisigandane. Andaa na insulini yuniti 10 pamoja na dekstrosi 50% ml 50, na salbutamo ya kuvuta. Moyo ukisimama, anzeni kukandamiza kifua papo hapo. Mfuko, ampuli na bomba visitupwe. Viwekwe kwenye mfuko wenye jina na saa. Mgonjwa akishatulia, mkuu wa wodi anajulishwa usiku huohuo, familia inaambiwa ukweli na daktari, na kadi ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) inajazwa mgonjwa akiwa amepata madhara.