Naomba ushauri: eksirei ya taya la mwanangu
Habari zenu wakuu, binti yangu ana miaka 9, aking'ata meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu. Tumempiga eksirei ya kichwa ya ubavuni, daktari akachora mistari kwa penseli akasema SNA (pembe ya kuonyesha taya la juu liko mbele kiasi gani) ni 77, SNB (ya taya la chini) 80, yaani ANB (tofauti ya hizo mbili) -3 wakati kawaida ni kama 2, kwa hiyo taya la juu ndo limebaki nyuma, avae kifaa cha usoni cha kulivuta mbele sasa hivi mfupa ukiwa mlaini. Daktari mwingine anasema tusubiri akue, apasuliwe. Mi kusubiri naogopa kweli. Ila kwenye picha meno hayajaumana, mdomo uko wazi kidogo, si vipimo vitadanganya? Turudie picha kwanza? Waliopitia hili nisaidieni.