Kopi ya Colt ya 1873: silinda inakwama baada ya kufyatua, fataki (vile vidonge vya kuwashia baruti nyuma ya ganda) zina mkwaruzo. Naombeni ushauri

Kibati45: Habari zenu wakuu. Nina bastola ya silinda, kopi ya Colt ya 1873 iliyotengenezwa Italia, kaliba .45 Colt, risasi najaza mwenyewe. Ikiwa tupu, silinda inazunguka kama pangaboi. Nikifyatua moja au mbili, nyundo inagoma kurudi nyuma mpaka niisaidie silinda kwa kidole. Nimeshauriwa nisage ukuta wa chuma ulio nyuma ya silinda. Ni sawa?

Fundi Shaba: Usisage kitu, mkuu. Chuma kikitoka pale hakirudi, na fataki itapata nafasi zaidi ya kuchomoza. Tuambie: mkwaruzo ni mstari mwembamba unaoanzia kwenye kishimo kilichogongwa na pini, au uso wa fataki umeng'aa kwa upana? Na risasi ambazo bado hazijafyatuliwa zinapita bila kugusa?

Kibati45: Umeng'aa kwa upana, kama umepitishwa msasa. Risasi mpya zinapita vizuri. Baruti naweka kidogo sana, chini ya kiwango cha jedwali la kujazia, ili isirushe mkono.

Fundi Shaba: Hapo ndipo penye ugonjwa. Pini ikigonga, fataki ndiyo inayotoka kwanza kwenye kikombe chake na kuegemea ukuta. Kisha presha inalirusha ganda nyuma, nalo linairudisha fataki ndani. Presha ikiwa ndogo, ganda linabaki limeng'ang'ania chemba (tundu lake kwenye silinda), fataki inabaki nje, na silinda inaiburuza ukutani. Kumbuka .45 Colt ilibuniwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) 40 za baruti nyeusi na kichwa cha risasi cha greni 255. Vijibaruti vya kisasa humo ndani vinapotea tu.

Rudi kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye jedwali la baruti yako, usikivuke, na ukaze vizuri mdomo wa ganda ili baruti iungue sawasawa. Sugua chemba pia. Masizi yanalishika ganda.

Mtutu Mrefu: Naongezea kwa wengine watakaopita hapa. Ukiona mstari mwembamba, tatizo ni tundu la ukutani ambamo pini inatokea. Hakikisha silinda ni tupu, itoe, kisha pitisha kijiti cha pamba juu ya tundu hilo. Nyuzi zikinasa, kuna ukingo uliochomoza. Jiwe laini la kunolea, lilale bapa, mipigo miwili mitatu, pima tena kwa pamba. Unaondoa kile kijino tu, ukuta hauguswi. Angalia na ncha ya pini: iwe ya mviringo, isiwe imemeguka.

Silinda ikikwama hata kabla ya kufyatua, fataki haijakaa chini. Inatakiwa iwe inchi 0.003 hadi 0.005 chini ya uso wa ganda. Kwa kawaida chanzo ni masizi ndani ya kikombe. Yakwangue kabla ya kujaza.

Na bunduki ikigoma ikiwa na risasi hai, mtutu ubaki kwenye shabaha. Tabia ya kuigeuza ili uchungulie imezoeleka mno.

Kibati45: Nimewaelewa. Mbona risasi za nta, zile zenye kichwa cha nta, ndizo zinazokwama kuliko zote?

Fundi Shaba: Kwa sababu hazina baruti kabisa, hivyo hakuna cha kulirudisha ganda. Dawa yake ni kupanua tundu la moto chini ya kikombe, kutoka inchi 0.080 hadi kama 1/8, moto upite mbele badala ya kuisukuma fataki nyuma. Ila maganda hayo yasiwekewe baruti tena maishani: tundu pana linaipigisha fataki ukutani kwa presha yote. Piga tupa alama kwenye ukosi (ukingo wa nyuma) wa kila ganda. Rangi inafutika kwenye mashine ya kusafishia maganda, alama ya tupa haifutiki.