Binti anasoma ng'ambo na anajinyima chakula: tumsaidieje?

Ana miaka 19. Daktari wa huko amesema ni anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa. Tuanzie wapi tukiwa mbali hivi?

Jibu 1
Anzeni na ridhaa. Akishavuka miaka 18, nchi nyingi daktari hawaambii wazazi kitu bila idhini yake. Aisaini sasa akiwa ametulia, msingoje dharura. Halafu milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, saa zilezile. Kuleni naye kwa simu ya video, mkipiga soga nyingine kabisa. Hata "umenawiri" msiseme. Yeye atasikia "umenenepa".

Jibu 2
Nyongeza: kama hajala vya kutosha kwa muda, msimshindilie ghafla. Chakula kingi cha ghafla hushusha fosfeti na potasiamu, madini ya kwenye damu, moyo ukayumba. Apimwe damu na umeme wa moyo kwanza, daktari apange kiasi. Akizimia au kifua kikiuma, hospitali mara moja. Akitapika asukutue kwa maji, mswaki usubiri. Asidi imeshalainisha meno.

Jibu 3
Kabla hajasimamisha masomo, aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Viza nyingi za masomo hufa mtu akiacha kuhudhuria.