Kurekodi mabadiliko ya nyaraka katika hifadhidata nyingi za MongoDB

Muulizaji: Wataalamu, habari za kazi. Je, naweza kurekodi kila waraka unaohaririwa katika hifadhidata zote za seva yetu ya MongoDB (programu inayohifadhi data kama nyaraka), pamoja na jina la mhariri, bila kugusa kila hifadhidata peke yake?

Jibu la 1: Ndugu, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018 unaweza kufungua mkondo mmoja wa mabadiliko (change stream, yaani mfululizo wa taarifa za kila badiliko linapotokea) unaofuatilia hifadhidata zote isipokuwa zile za mfumo wenyewe, mradi seva iendeshwe kama kundi la nakala (replica set, yaani seva zinazotunza nakala za data ileile). Rekodi zako za mabadiliko zichuje zisiingie katika mkondo huo, la sivyo kila rekodi utakayoandika katika seva hiyohiyo itarudi mkondoni kama badiliko jipya.

Jibu la 2: Mkondo huo hautaji aliyehariri, kwa hiyo ni muhimu sana programu yenyewe iandike jina la mhariri ndani ya waraka kila inapohifadhi.