DVD zote zimeanza kukwama baada ya kuweka diski moja yenye mikwaruzo

dada_wa_pili:
Wakuu, naomba msaada. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, ina Windows XP. Juzi niliweka DVD ya harusi ya dada, ndiyo pekee tuliyobaki nayo yenye sauti ya marehemu mama. Dakika ya 41 picha ikaganda, draivu ikaanza kukwaruza krr, krr. Nikaitoa, nikairudisha, kama mara 4. Tangu hapo hata DVD mpya kabisa inarukaruka na sauti inakatikakatika. CD za muziki ziko sawa. Draivu ndiyo imekufa?

mtu_wa_waya:
Pole kwa mama. Huenda ni leza. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD 650, na mmoja unaweza kuchoka mwingine ukabaki mzima.

fundi_taratibu:
Leza ikichoka, mara nyingi diski haifunguki kabisa. Hizi zinafunguka, ila zinachechemea, tena tangu siku ileile. Mimi naona ni XP. Huwa inahesabu makosa ya usomaji. Yakifika 6 inaiteremsha draivu kutoka DMA (data inaenda kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa) hadi PIO, njia ya zamani ya polepole, na hairudi yenyewe. Kwenye PIO prosesa inabeba data yote mgongoni, na DVD inaielemea. CD ya muziki ni mzigo mdogo, ndiyo maana huoni tofauti.
Fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows), tafuta Secondary IDE Channel (draivu nyingi hukaa hapo), uangalie Advanced Settings. Ukikuta PIO, ifute channel hiyo kwenye orodha (Uninstall) kisha uwashe kompyuta upya. XP itaitambua yenyewe. Ila ile ya mama usiirudishe kwanza, tafadhali.

dada_wa_pili:
Ilikuwa PIO kweli! Sasa inaandika Ultra DMA, na DVD nyingine zinateleza vizuri. Asante sana. Ya mama je?

fundi_taratibu:
Itazame chini ya taa. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni una nafuu. Unaofuata mzunguko ndio mbaya, unafuta data nyingi mfululizo. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka kwenye tundu moja kwa moja hadi ukingoni. Usizungushe mkono. Halafu usiicheze, inakili. Kuna programu ya bure, ddrescue, inachukua kwanza sehemu nzima, ndipo inarudi kupambana na zilizoharibika. Zikibaki sehemu ngumu, jaribu draivu nyingine, hazisomi sawa.

dada_wa_pili:
Nimerudi. Chini ya taa niliona alama ya kidole gumba karibu na ukingo, imegandia. Imetoka kwa kufuta mara 3. Mikwaruzo ipo palepale. Kunakili kumechukua usiku mzima, na zimepotea sekunde chache tu, watu wakiwa wanapanga viti. Mama anaanza kuimba dakika ya 43. Sehemu yake yote ipo, mpaka anapokohoa na kuomba maji. Nakala nimeweka sehemu mbili.