Tajiri wangu asema mimi ni "tamas". Ni tusi?

MpangaMajora
Assalaam aleikum wana jukwaa. Nauza leso kwenye duka la Mhindi, Barabara ya Biashara, mwaka wa 11 huu. Tajiri wangu ni mtu wa hekaluni, hagusi kitunguu wala thomu. Jana mchana, wali wa nazi ukanilemea, nikasinzia juu ya majora. Mteja kaingia, katoka na pesa zake. Tajiri hakufoka. Alicheka: "Wewe leo tamas tupu." Kisha akajipiga kifua: "Na mimi rajas, ndiyo maana presha haishuki." Mtu wa sattva, asema, ni mamake, aamkaye saa kumi alfajiri na hapandishi sauti hata kwa paka.

Swali langu: haya mtu huzaliwa nayo, kama kimo? Maana mwisho wa mwezi, leso zikitoka kama mahamri ya moto, hiyo tamas yangu huwa imekwenda wapi?

BintiWaTudor
Ndugu yangu, mimi ni Mhindu, nakujibu kama nilivyofunzwa na nyanya. Hizo tatu huitwa guna, yaani sifa za maumbile, na kwa Kisanskriti neno hilo pia ni uzi, ule wa kusokotea kamba. Wewe wa nguo utaelewa upesi: kila mtu kasokotwa kwa nyuzi zote tatu: tamas ni uzito, rajas ni mbio, sattva ni mwangaza na utulivu. Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 14, yasema hushindana, mmoja ukazidi mbili. Jana ulizidi wa uzito, mwisho wa mwezi huzidi wa mbio.

Na kupanda kupo, ila kila mtu huanzia alipo. Mzito haambiwi akae kimya atafakari, atakoroma! Hupewa kazi kwanza. Mwenye mbio hufunzwa kufanya kazi ileile bila roho yake kuganda kwenye faida. (Mwambie tajiri wako.) Sura ya 18 yapima hata raha: ya sattva huanza kama sumu ikaisha tamu, ya rajas ni kinyume chake, na ya tamas ni ya usingizi na uvivu, humpumbaza mtu mwanzo hadi mwisho. Chakula kimo sura ya 17: kikali na cha chumvi kali ni rajas, kilicholala ni tamas.

MpangaMajora
Mwiku wa mbaazi ni tamas? Basi dada, Mombasa nzima tumekwisha.

MzeeKibokoni
Wanangu, chuoni, kwenye Qur'ani, tulisomeshwa nafsi tatu: ammara iamrishayo maovu, lawwama ijilaumuyo, na mutmainna iliyotulia. Naona ni yaleyale kwa jina jingine.

BintiWaTudor
Yakaribiana, mzee wangu, lakini nyinyi mutmainna ndiyo mnayoitamani. Kwetu sattva si mwisho wa safari. Nayo hufunga: humfunga mtu kwa kupenda utulivu wake na ujuzi wake. Uzi wa hariri, lakini uzi. Anayetafutwa ni gunatita, aliyezivuka zote tatu. Uzito ukimjia hauchukii, mwangaza ukiondoka haulilii, sifa na lawama kwake mamoja.

MpangaMajora
Leo nimemuuliza tajiri kama mamake amezivuka. Kanyamaza, kafikiri, kisha kasema: "Mama hapendi mtu aguse glasi yake." Halafu kanituma stoo nikashushe majora.